Mnyama mliyemchapa gazetini si chui

Mhariri,

Naandika kutoka Kapchorwa, Uganda, ninakofanya kazi ya udaktari wa mifugo, kuhusu habari yenu ya "chui mweusi anayemaliza mbuzi" huku miteremkoni mwa Mlima Elgon. Habari yenyewe nina neno nayo, lakini nianze na picha. Mnyama mliyemweka pale ni jagua. Afrika hii hakuna jagua wa porini hata mmoja. Kwao ni Amerika, kuanzia Meksiko kushuka mpaka Ajentina.

Mtaniuliza nimejuaje, na mnyama ni mweusi tii. Mliichapa picha kubwa, na jua lilikuwa limempiga ubavuni. Lisogezeni gazeti dirishani mtaona madoa, maana weusi haufuti madoa, unayafunika tu. Ya jagua ni makubwa, yamejipanga duara, na ndani ya duara mna vitone. Ya chui ni madogo, yamebanana, na katikati kwa kawaida hamna kitu. Kisha mtazameni umbo: kichwa kipana, taya nene, miguu mifupi iliyojaa, mkia usiofika mbali. Chui wetu ni mwembamba kuliko huyo, na mkia wake mrefu ndio unaomsaidia kusimama sawa juu ya tawi.

Chui mweusi yupo, sikatai. Ni chui yuleyule, hajawa aina nyingine kwa sababu ya rangi, na wala si mkali kuliko wenzake kama mlivyoandika. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa watanielewa haraka: dume na jike wa Friziani, wote weusi kwa weupe, wanaweza kuzaa ndama mwekundu, kwa kuwa kila mmoja alibeba wekundu uliojificha. Kwa chui, rangi nyeusi ndiyo inayojificha hivyo, na wazazi wawili wenye madoa ya kawaida huweza kupata mtoto mweusi. Kwa jagua mambo yamegeuka: mtoto mweusi lazima awe na angalau mzazi mmoja mweusi. Duniani kote, chui weusi wanakadiriwa kuwa kama 11 katika kila 100, lakini hawakugawanywa sawa. Kusini mwa Rasi ya Malaya karibu chui wote ni weusi, hata watafiti wa huko ilibidi wazirekebishe kamera zao za porini zipige kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ndipo madoa yakaonekana na chui mmoja akatofautishwa na mwingine. Afrika ni wachache mno.

Jirani zetu Wakenya wanao Laikipia. Mtakumbuka Februari 2019 picha zake zilivyozunguka dunia, na magazeti mengi yakaandika kwamba chui mweusi hakuwa ameonekana Afrika kwa miaka 100. Watafiti hawakusema hivyo. Walisema kwa karibu miaka 100 hakuwa amethibitishwa kwa ushahidi wa kisayansi, na hayo ni mambo mawili tofauti kwa mchungaji wa Laikipia aliyekuwa akimwona kwa macho yake. (Mwaka huohuo simu yangu ililetewa pia "simba mweusi" mwenye manyoya meusi kama kiwi ya viatu. Yule ni simba mweupe aliyepakwa rangi kwenye kompyuta. Simba mweusi hajathibitishwa popote, wala puma mweusi, yule paka mkubwa wa Amerika.)

Sasa nije kwenye mbuzi. Mama mmoja aliniita asubuhi, gazeti lenu likiwa limekunjwa kwapani. "Daktari, ni huyu wa kwenye picha." Nikamwomba kwanza anisaidie kumgeuza yule mbuzi. Chui hukaba koo. Ukichuna ngozi ya shingo ukaigeuza ndani nje, unakuta matundu machache yaliyozama sana, na nyama yote ya hapo imevilia damu. Koo la mbuzi huyu lilikuwa zima. Mapaja ya nyuma ndiyo yaliyochanwachanwa, majeraha mengi ya juujuu, sikio moja limeng'olewa. Kwenye tope la kisimani nyayo zilikuwa na alama za kucha mbele ya kila kidole, na jamii ya paka, ukimtoa duma, hutembea imeficha kucha zake. Nikamwambia, "Mama, hawa ni mbwa, na hawakuwa mmoja."

Lakini kuna kitu cheusi kilichoonekana jioni, na mtoto aliyekiona simwiti mwongo. Alinieleza masikio makubwa yaliyosimama, miguu mirefu, mkia mfupi, na kwamba kiliruka juu katikati ya nyasi kisha kikatua palepale. Huyo kwangu ni mondo, paka wa porini mdogo kuliko chui. Mondo weusi wanajulikana kwenye nyanda za juu za Kenya, kama Aberdare, na Elgon ni mlima wa mpakani. Anakula panya na ndege, kuku wako pia ukimzembea. Mbuzi mzima hamwezi. Siku ya pili baada ya gazeti kufika hapa sentani, penye maduka, vijana walipanda na mikuki na mbwa kumsaka "chui". Mbwa walewale, nashuku.

Kuna na suala la fedha. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka fidia kwa madhara ya baadhi ya wanyama, na chui yumo. Mbwa wa jirani hayumo. Yule mama alikuwa tayari kupanda matatu mpaka ofisini na kipande chenu cha gazeti kama ushahidi, nauli ya kwenda na kurudi, aambiwe hapana. Nilimshauri aende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa sababu mbwa wana wenyewe na wenyewe wanajulikana. Na kama mmoja wa mbwa hao ana kichaa, hilo kijiji kinapaswa kulijua wiki hii.

Ninachoomba ni masahihisho, ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule, picha ya chui kando ya ya mondo, na maelezo ya nyayo. Tena msiyaandike kutoka mezani Kampala. Ngozi ya shingo ya yule mbuzi nimeitia chumvi, ninayo. Mwandishi wenu akija, aje na futi kamba na gambuti. Njia ya kisimani bado ni tope.

Daktari wa mifugo,
Kapchorwa