Uzamivu wa miaka mitatu: hesabu ambayo tangazo haliionyeshi

Ndugu Mhariri,

Msimu wa udahili ukifika, simu za wakuu wa shule, maofisa elimu kata na wathibiti ubora hujaa tangazo lile lile lenye majina tofauti ya vyuo: uzamivu wa kitaalamu katika uongozi wa elimu, maarufu kwa kifupi cha Ed.D., soma bila kuacha kazi, miaka mitatu umemaliza. Naomba nafasi kidogo kwa ajili ya wasomaji wako wanaofikiria kujiunga.

Tuanze na saa. Afrika Kusini, ambako baadhi ya walimu wa ukanda huu husoma kwa masafa, uzamivu wa kitaalamu una krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma. Jumla ni saa 3,600. Sasa mchukue mkuu wa shule anayeamka saa kumi alfajiri siku nne za wiki akapata saa mbili mbili kabla ya kengele, kisha Jumamosi akajifungia saa saba. Ana saa 15 kwa wiki. Tumpe wiki 48 kwa mwaka, maana yake tumemwachia wiki nne tu za misiba, harusi na malaria. Hizo ni saa 720 kwa mwaka, na 3,600 ukizigawa kwa 720 unapata miaka mitano. Akitaka kumaliza kwa mitatu anahitaji saa 25 kila wiki, bila kukosa hata moja. Nani mwenye nafasi hiyo huku analala na simu chini ya mto akisubiri ujumbe wa halmashauri?

Tena wiki hazilingani. Mei kuna mtihani wa kidato cha sita, Septemba darasa la saba, Novemba kidato cha nne pamoja na upimaji wa kidato cha pili, na Januari ni mapokezi ya kidato cha kwanza. Katika miezi hiyo kiongozi wa shule haandiki kitu cha maana, na asijilaumu. Miezi ya kukusanya data ni Februari na Machi, halafu katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Madodoso yakipelekwa Novemba hurudi yote yamejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja.

Shahada yenyewe wengi hudhani ni PhD iliyopunguzwa makali. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kutoa Ed.D. miaka ya mwanzo ya 1920, na kile cha Bristol kikaiingiza Uingereza mwaka 1992. Wamarekani wenyewe walihangaika nayo muda mrefu, hadi mwaka 2007 vyuo kadhaa vilipoungana chini ya mradi wa taasisi ya Carnegie kuamua inatofautiana nini na PhD. Jibu lililokubalika ni rahisi. PhD huanzia kwenye pengo la maarifa, nayo Ed.D. huanzia kwenye tatizo la kazi unayokwenda kuifanya kesho asubuhi. Kwa hiyo kusoma ukiwa kazini si huruma ya chuo kwako. Kazi yako ndiyo maabara, na aliyeacha kazi ili asome Ed.D. amejifungia nje ya maabara yake.

Hapo ndipo mada nyingi huanguka. "Changamoto za uongozi wa shule za sekondari Tanzania" ni kichwa cha hotuba ya mgeni rasmi, hakifai kwa tasnifu ya aina hii. Chukua mfano wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayotaka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Unaweza kukuta shule ina daftari la vikao lililojazwa vizuri kabisa: tarehe, ajenda, mahudhurio, sahihi. Ukiingia darasani, ufundishaji ni ule ule wa mwaka juzi. Kwa nini? Hilo ni tatizo la kazi. Lipunguze: walimu wa hisabati na sayansi, sekondari nne za halmashauri moja, mihula miwili. Ushahidi wako ni daftari la vikao, maandalio ya somo ya kabla na baada ya kikao, vipindi viwili unavyokaa nyuma ya darasa la kila mwalimu, na mahojiano. Kisha badili kitu kimoja tu. Kwa mfano, kikao kitoke Ijumaa saa nane mchana, wakati kila mtu anaangalia usafiri wa kurudi nyumbani, kiingizwe kwenye ratiba ya vipindi. Angalia kama maandalio yanabadilika. Kipimo cha mada ni kumweleza mwalimu wa zamu kwa sentensi mbili. Akisema "hilo kweli linatusumbua", endelea nayo.

Kuhusu idadi, kuna jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, la kukadiria ukubwa wa sampuli, ambalo wanafunzi wetu hulibeba kama hirizi. Kwa walimu 60 linakupa sampuli ya 52. Jamani, ukishafika kwa 52, wanane waliobaki wako meza ya jirani. Wachukue wote 60 na uachane na aya mbili za kueleza jinsi ulivyowachagua. Kwa mahojiano, mkuu wa shule mmoja na walimu wanne kwa kila shule, katika shule nne, ni watu 20. Inatosha.

Sasa vibali, maana huku ndiko muhula mzima hupotelea. Kamati ya maadili ya chuo huja kwanza. Kwa anayesoma chuo cha ndani, barua ya Makamu Mkuu wa Chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikapita kwa afisa elimu, ndipo ufike getini kwa mkuu wa shule. Anayesoma chuo cha nje anaanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Wenzetu wa Kenya huomba leseni ya utafiti NACOSTI, tume yao ya sayansi, kisha wakaripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Tenga miezi mitatu, na hakikisha jina la mada kwenye barua ni lile lile lililo kwenye pendekezo la utafiti, neno kwa neno. Msimamizi akibadili "ushawishi" kuwa "mchango" baada ya barua kutoka, karani wa masjala ana haki ya kukurudisha, na atakurudisha.

Kosa baya kuliko yote ni kuanza kukusanya data kabla ya kibali kwa sababu "ni shule yangu". Data hiyo imeoza. Hakuna kamati itakayokupa ridhaa ya kurudi nyuma. Matokeo ya wanafunzi yaliyo kabatini mwako pia uliyapata kwa kazi ya shule, na kuyatumia kwenye tasnifu ni matumizi mengine. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hili si la hiari tena. Ondoa majina, weka namba, na orodha ya kuoanisha majina na namba ikae mahali pengine kabisa, isikae kwenye kompyuta ya ofisi ambayo mwalimu wa taaluma naye anaitumia.

Lipo jambo ambalo mapendekezo mengi hulipitia kwa mstari mmoja: cheo. Mkuu wa shule akimwomba mwalimu wake mahojiano, mwalimu atasema "sawa mkuu". Hiyo si ridhaa. Huyo anamjibu mtu anayemjazia alama kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Akiulizwa uongozi wa shule ukoje, atasifu. Ukienda na sifa hizo kwenye utetezi, mtahini wa nje ataiona kasoro hii kwenye ukurasa wa kwanza wa sura ya nne, ile ya matokeo. Dawa ziko kadhaa na zote zina gharama. Unaweza kufanya utafiti katika shule usizozisimamia, zenye tatizo lile lile. Unaweza kumtumia mtu wa tatu afanye mahojiano ya shuleni kwako, akupe maandishi yasiyo na majina. Dodoso liingie kwenye sanduku lililofungwa, lisipitie mkononi mwa makamu wako. Na hati ya ridhaa iseme kwa Kiswahili cha wazi kwamba kukataa hakutagusa tathmini ya kazi, ruhusa wala uhamisho wa mtu.

Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe, vyote viwili. Shule za bweni hujisahau hapa, kwa kudhani mkuu wa shule anasimama badala ya mzazi kwa kila kitu. Fomu za wazazi zitolewe siku ya kufungua shule, wanapoleta watoto. Siku hiyo ikikupita unasubiri likizo ijayo.

Mahojiano yakishafanyika kwa Kiswahili huku tasnifu ikiandikwa kwa Kiingereza, kazi inaongezeka mara mbili. Rekodi ya saa moja huchukua saa nne hadi sita kuinukuu. Watu 20 kwa dakika 45 ni saa 15 za sauti, yaani saa 60 hadi 90 za unukuzi. Kwa saa zako 15 za wiki, ni wiki nne hadi sita ambazo hujaandika hata aya moja. Nukuu kwa Kiswahili, changanua kwa Kiswahili, kisha utafsiri yale maneno tu utakayoyaweka kwenye tasnifu, na ya asili yakae pembeni yake. Anayetafsiri kila kitu mwanzoni hupoteza vitu. Mwalimu akisema "mkuu anatuwajibisha", anaweza kumaanisha anawadai hesabu ya kazi yao, au anawaadhibu. Sauti yake, na sentensi iliyotangulia, ndivyo vinavyoamua. Ukishaigeuza kwa Kiingereza umekwisha kuchagua maana moja, na baada ya miezi sita hukumbuki kwamba ulichagua.

Usisahau uhamisho. Kiongozi wa elimu huweza kuamka na barua ya wilaya nyingine katikati ya utafiti, au akateuliwa, na tatizo lake likabaki kule alikotoka. Ndiyo maana nimetaja shule nne badala ya moja, na kibali cha ngazi ya halmashauri badala ya urafiki na mkuu wa shule, kwa sababu hata yeye atahamishwa.

Kwa msimamizi, peleka kurasa 10 hadi 15 wiki mbili kabla ya kuonana, zikiwa na maswali matatu mbele. Baada ya kikao andika nusu ukurasa wa mliyokubaliana umtumie siku ile ile. Msimamizi ana wanafunzi wengi na husahau, na bila kumbukumbu hiyo utajikuta unaandika upya sura uliyoambiwa imekubalika.

Fedha sitaziongelea sana, ila ada ndiyo sehemu inayotabirika. Zisizotabirika ni nauli za kufuatilia barua, uhariri, uchapaji, na ada za majarida. Kenya, viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vilidai mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili kwenye majarida yenye wahakiki. Jarida linalokubali makala ndani ya siku tatu na kutaka malipo kwanza halina wahakiki. Na wale vijana wa kuandikia watu tasnifu, wanaojitangaza waziwazi siku hizi, hawataingia nawe kwenye chumba cha utetezi utakapoulizwa kwa nini uliiacha shule ya tatu.

Kabla ya kulipa chochote, anayesoma nje aulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama chuo hicho na tuzo hiyo vinatambuliwa. Asisubiri siku ya kurudi na cheti. Mtumishi wa umma apate ruhusa ya masomo kwa maandishi, maana kusoma kimyakimya humletea tabu siku ya kupeleka cheti kwenye jalada lake. Na asitegemee kwamba cheti kitampandisha daraja chenyewe. Kama shida ni kuendesha shule vizuri zaidi mwaka ujao, kozi ya ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, pale Bagamoyo ni njia fupi zaidi, wala si aibu.

Ombi langu kwa waajiri ni dogo: wiki mbili za Machi na wiki mbili za Agosti kwa kila aliyepewa ruhusa ya kusoma, zikiandikwa kwenye barua ile ile ya ruhusa. Haziwezi kufidia saa zote, lakini ndizo wiki za kwenda uwandani. Kwa vyuo, tangazo la udahili liwe na mistari mitatu zaidi: waliojiunga miaka sita iliyopita walikuwa wangapi, waliohitimu hadi leo ni wangapi, na kila mmoja alitumia miaka mingapi. Na gazeti lako, Mhariri, linapouza nafasi ya tangazo la aina hiyo, liulize mistari hiyo iko wapi.

Msimamizi wa tasnifu,
Morogoro