Dawa ya josho isiingie kwenye mzinga

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wafugaji nyuki wa Kigamboni, Mbweni na Pugu, na zaidi wauzaji wa maduka ya pembejeo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipulizwe wala kupakwa ndani ya mzinga, hata kama chupa imeandikwa amitrazi, dawa ileile inayotumika Ulaya na Marekani kuua utitiri wa varroa, wadudu wadogo wanaowanyonya nyuki.

Jina ni moja, matumizi ni mbali kabisa. Amitrazi ya nyuki huja kwenye ukanda wa plastiki wenye takriban nusu gramu ya dawa, inayotoka kidogo kidogo kwa wiki 6 au zaidi. Ile ya josho ni kimiminika cha asilimia 12.5 chenye viyeyushi, na kipimo chake, mililita 20 kwa lita 10 za maji, kimewekwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe. Ukiinyunyizia masega, dawa yote inamwagika kwa mara moja juu ya majana (watoto wa nyuki masegani) na asali.

Kumafosi, dawa nyingine ya kupe, ni mbaya zaidi. Inapenda mafuta, kwa hiyo inazama kwenye nta na kukaa humo. Kuyeyusha nta hakuiondoi. Ukitengeneza karatasi za nta za kuanzishia masega umeihamishia mzinga mpya. Vikombe vya malkia (vyumba vya nta vya kulelea malkia) vikiwa na kumafosi, nyuki huvikataa vingi, na malkia wanaofanikiwa kutoka huwa na uzito mdogo. Madume nao mbegu zao hudhoofu. Mfugaji ataona malkia wanabadilishwa kila mara, asijue chanzo ni nta yake mwenyewe. Ikiwa humo mna fluvalineti pia, dawa nyingine ya varroa, sumu huongezeka, kwa kuwa mwili wa nyuki huvunja dawa hizo mbili kwa njia moja. Na anayetaka kuuza Ulaya akumbuke kikomo chao kwa kilo ya asali: mikrogramu 200 za amitrazi, 100 za kumafosi.

Asidi ya fomiki, dawa nyingine ya varroa, hupendwa kwa sababu inapenya vifuniko vya majana na kuua utitiri uliomo. Lakini lebo zake huweka mwisho wa joto karibu nyuzi 29.5, na hapa Dar mchana tunapita 30 kuanzia Oktoba hadi Aprili. Joto likizidi, mvuke hutoka kwa kasi, majana hufa na malkia anaweza kufa.

Kabla ya dawa yoyote, pima. Chukua sega lenye majana, hakikisha malkia hayupo juu yake, kung'uta nyuki nusu kikombe (kama 300) kwenye chupa ya maji yenye sabuni ya maji, tikisa dakika moja, chuja kwa wavu wa milimita 3. Utitiri, mwekundu wa kahawia na mpana kama milimita 1.6, utapita na maji. Hesabu, gawanya kwa 3, utapata idadi kwa nyuki 100. Sukari ya unga inasifiwa kwa kuwa haiui nyuki, ila kwa unyevu wetu wa pwani hugandamana na kuficha utitiri. Vile vile, kiwango cha kuanza kutibu, utitiri 3 kwa nyuki 100, mnachokisoma kiliwekwa kwa nyuki wa Kizungu.

Nyuki wetu si wale. Majana yao hukomaa mapema, hujisafisha kwa bidii, hutupa majana yaliyougua. Varroa alionekana Afrika Kusini 1997, na wafugaji wengi huko hawakutumia dawa. Makundi ya nyuki yalistahimili baada ya miaka michache. Kwetu alithibitishwa 2009. Mzinga ukidhoofika, tazama kwanza siafu, nondo wa nta na njaa.

Ukikuta utitiri mwingi kweli, kata vipande vya sega vya majana ya madume vikishafunikwa, kabla hayajatoka, uviteketeze: utitiri hupendelea vyumba hivyo. Kwenye mzinga wa viunzi (fremu za kutoa na kurudisha) ni kazi ya kisu na dakika chache. Bado hali ni mbaya? Mwone afisa nyuki wa wilaya, na dukani ununue tu dawa ambayo lebo yake imetaja nyuki.

Mdau wa ufugaji nyuki,
Dar es Salaam