Kabla hujaweka bolti ngumu, tazama tundu lake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba slasha (mashine ya kufyekea nyasi) ya trekta lake inakata bolti tatu kwa siku, siku nyingine nne, na kwamba fundi amemshauri atie bolti ngumu ya plau ili habari iishe. Habari itaisha kweli, ndugu yangu. Mimi niliimaliza kwa njia hiyohiyo Januari ya mwaka juzi, na giaboksi ikaondoka nayo.

Mimi sifyeki nyasi, naondoa theluji. Ni mzaliwa wa Basotu, Hanang, Tanzania, na sasa niko kwenye shamba la ngano na kanola (zao la mbegu za mafuta) huko Saskatchewan, Kanada. Kuanzia Novemba hadi Machi kazi yangu ya alfajiri ni kufungua njia ya kutoka uani hadi barabarani, kwa mashine ya kurusha theluji inayofungwa nyuma ya trekta. Ndani yake kuna skrubu ndefu inayokusanya theluji kuileta katikati, na nyuma ya skrubu kuna feni nzito ya chuma inayoitema kupitia bomba, mita kumi au zaidi pembeni. Vyote vinazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini ya trekta kwenye mashine ya nyuma, mizunguko 540 kwa dakika, sawa na slasha ya huko nyumbani. Tofauti ni kwamba mimi naendesha kinyumenyume, shingo imegeuka saa mbili nzima.

Na theluji yenyewe msidhani ni pamba. Ya huku ni kavu, upepo unaisukuma nyuma ya ua wa miti mpaka inashindiliwa kama mche wa sabuni. Ukipanda juu yake huzami. Greda la halmashauri nalo likipita barabarani linakuachia tuta mlangoni, barafu iliyochanganyika na kokoto. Hapo ndipo bolti zinapolia.

Bolti yenyewe inakaa pale shafti inaposhikana na mashine, na imewekwa ili ikatike. Ni fyuzi ya chuma. Skrubu ikikwama kwenye jiwe, bolti inakatika, shafti inazunguka bure, unashuka, unatia nyingine. Asubuhi ile ilikuwa nyuzi 34 chini ya sifuri na nilikuwa nimekata sita tangu Jumatatu. Kubadilisha bolti kwenye baridi hiyo ni adhabu: glovu nene hazishiki nati, na mkono mtupu unagandia kwenye chuma. Nikaingia stoo, nikachukua bolti yenye mistari sita kichwani. Wanaojua bolti za inchi wananielewa: isiyo na mstari ni laini, mistari mitatu ni ya kati, sita ni ngumu. Kwenye za milimita utasoma 4.6, 8.8, 10.9, kutoka laini hadi ngumu. Nilifanya kazi dakika ishirini kwa raha, kisha ukasikika mlio kama mtu ameangusha sinia la vijiko. Bolti ilikuwa nzima kabisa. Meno ya giaboksi ndiyo yaliyokatika.

Jirani yangu ni mzee aliyepita miaka themanini, ambaye babu zake walitoka Ukraine kama wakulima wengi wa eneo hili. Alipofika hakuitazama giaboksi. Aliuliza, "Vipande vya zile za kwanza viko wapi?"

Bahati njema nilikuwa navyo. Marehemu baba alikuwa dereva wa mashine kwenye yale mashamba ya ngano ya Basotu yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada. (Mashamba yale yana kisa chao kirefu na Wabarabaig waliopoteza malisho, leo sikigusi.) Baba alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa bolti zilizokatika. Sisi watoto tulidhani ni ubahili. Nimerithi kopo bila kurithi sababu, kwa hiyo vipande sita vilikuwa ndani ya kabini, nyuma ya kiti.

Mzee akavipanga juu ya kifuniko cha betri. Viwili vilikatika wima, uso wake unang'aa na umenyooka kana kwamba umepitiwa na kisu. Hivyo, akasema, ni pigo la ghafla: kitu kigumu kimeingia, au feni ilikuwa imeganda nawe ukaingiza PTO injini ikiwa juu. Vitatu vilikuwa vimepinda kwanza, kama goti la mtu anayetaka kukaa, ndipo vikakatika. Cha mwisho ndicho kilichonishangaza. Nusu ya uso wake ilikuwa nyeusi yenye kutu na vimistari kama vya gamba la kombe, nusu ya pili ilikuwa mbichi. Bolti ile ilianza kufa siku kadhaa kabla sijasikia chochote, maana nati ilikuwa imelegea na kila mzunguko uliikunja kidogo.

Tukaja kwenye zile tatu zilizopinda. Tulitoa shafti, tukapima matundu. Bolti ni ya milimita 10. Tundu upande mmoja lilikuwa 12, upande wa pili limekuwa yai, karibu 13. Bolti ikiwa na nafasi ya kucheza haikatwi na mzigo, inapigwa nyundo kila mzigo unapobadilika. Hata ukitia mpya dukani, ya daraja sahihi, haimalizi asubuhi. Tulijaza matundu kwa kulehemu, tukatoboa upya kwa kipimo. Siku hiyohiyo mzee akanionyesha kosa jingine ambalo nina hakika mafundi wengi wanalifanya: bolti niliyokuwa nanunua ilikuwa na nyuzi (ile mikato ya kuzungushia nati) mwili mzima. Pale inapokatwa panatakiwa pawe na mwili laini usio na nyuzi. Bolti ya milimita 10 ina eneo la milimita za mraba 78 na nusu kwenye mwili laini, lakini kwenye nyuzi linabaki kama 58. Robo ya nguvu imeshaondoka kabla hujawasha trekta.

Mengine yalikuwa makosa ya dereva, yaani mimi. Nilikuwa naingiza PTO injini ikiwa juu, feni ya kilo nyingi inatakiwa kuruka kutoka sifuri kwa mara moja. Sasa naingiza injini ikiwa chini, nasikiliza, kisha napandisha taratibu mpaka 540 kabla ya kugusa theluji. Halafu nilikuwa na tabia ya kupunguza mizunguko nikidhani natunza mashine, huku nimeweka gia ya kukimbia. Ni kinyume. Kazi ileile ikifanywa kwa mizunguko michache, kila mzunguko unakaza zaidi, kama baiskeli ya gia moja mlimani. Mizunguko iwe juu, gia iwe ya kutambaa. Tena viatu vya chini vinavyobeba mashine nilikuwa nimevipandisha mno, mdomo wake ukagusa ardhi, nazoa kokoto. Siku hizi mwanzoni mwa msimu navishusha ili mdomo ukae sentimita tano juu ya ardhi mpaka njia igande sakafu. Na kila asubuhi, funguo ikiwa mfukoni mwangu, nazungusha feni kwa gongo la mti kuona kama haijaganda usiku. Gongo, si mkono. Vidole vingi vimebaki ndani ya mashine hizi.

Usicheke, Mhariri, lakini bolti moja kati ya zile mbili za wima ilikatwa na gazeti. Nasafisha nyua tatu za wazee mjini, na kuna la bure la kila wiki linalorushwa mlangoni likiwa limeviringishwa ndani ya nailoni. Likifunikwa na theluji likalowa na kuganda, ni sawa na kigogo. Nililitoa bombani vipande vipande, ukurasa wa michezo bado unasomeka.

Nirudi kwa msomaji wa slasha. Sisemi bolti yake haiwezi kuwa laini kupita kiasi. Kuna mashine zinazotaka 8.8, na ukiziwekea isiyo na alama zitakata kutwa. Basi atafute kitabu cha mashine au kibati kilichobandikwa pembeni aone mtengenezaji amesema nini, atie hiyo, isiwe laini zaidi wala ngumu zaidi. Akishaweka hiyo na bado zinakatika, bolti haina kesi. Ashike shafti kwa mikono miwili trekta likiwa limezimwa, atikise: krosi (viungo vinavyoiwezesha shafti kupinda) zikigonga, aziangalie. Ainue slasha kwa mikono ya nyuma ya trekta atazame shafti inapinda kiasi gani. Mimi pia nilikuwa nainua juu mno huku inazunguka, ikawa inaruka kama mbuzi aliyefungwa. Avute bolti atazame tundu. Aangalie pia kama sehemu inayotakiwa kuzunguka bure baada ya bolti kukatika imepakwa grisi, kwa sababu ikishikwa na kutu, bolti itakaa miaka bila kukatika na mwenyewe atafurahi, hadi siku ya kisiki. Kwenye slasha ya mkodishaji mmoja niliyoiona nilipokuja likizo, bolti ilikuwa imelehemiwa kabisa ili "isisumbue". Sikusema kitu, nilikuwa mgeni pale, na mpaka leo najilaumu.

Giaboksi yangu ilinigharimu zaidi ya mshahara wa mwezi, na ilichukua siku kumi na moja kufika. Siku hizo zote nilifungua njia kwa koleo.

Kama ndugu yetu bado hajavitupa vile vipande, na wewe Mhariri ukiwa radhi, avipige picha ya uso uliokatika, karibu, kwenye mwanga wa pembeni, uichapishe hapa. Nitajibu kwa barua nyingine kimoja baada ya kingine.

Mwana wa Basotu,
Saskatchewan, Kanada