Barua ya wazi kwa wataalamu wa tabianchi walioko Ngong

Wanangu wa ICPAC, kituo cha kutabiri tabianchi ya Afrika Mashariki,

Salamu kutoka Emuhaya, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Mimi ni mkulima wa mahindi na maharagwe, na umri wangu unaniruhusu kuwaita wanangu hata nyinyi mlio na shahada za uzamifu. Nawaandikia kwa sababu kazi yenu naithamini na sitaki ipuuzwe.

Mara tatu kwa mwaka mnawaita wataalamu wa nchi 11, kuanzia Sudan hadi Tanzania, mnajadili msimu ujao na kutoa ramani. Miaka ya 1991 hadi 2020 mmeigawa mafungu matatu: ya mvua nyingi, ya wastani na ya mvua haba. Kisha mnasema msimu ujao una uwezekano gani wa kuangukia kila fungu. Mkiandika asilimia 45 kwenye mvua nyingi, asilimia 55 bado ziko kwa yale mengine. Hilo mnalijua. Lakini habari ikishapita redioni, ikafika kwa chifu na kwa mwenye duka la agroveti, inakuwa: "Wamesema mvua kubwa inakuja." Asilimia imeshapotelea njiani.

Nimeona hasara yake. Mwaka 2015 habari za El Niño zilienea, watu wakaikumbuka mvua ya 1997 iliyong'oa barabara na madaraja. Mvua ikanyesha, ila haikuwa ile waliyoiogopa, wakasema wamedanganywa. Agosti 2023 mkatangaza kwamba vuli itazidi wastani. Sokoni nikasikia, "Ni yale yale ya 2015." Novemba mafuriko yakaja, na Kenya ikazika watu.

Basi nawaomba jambo moja: msimu ukiisha, rudini. Mtuambie mlisema nini, kulinyesha vipi, wapi mlipata na wapi mlikosa. Najua kwenye mikutano yenu mnaupima msimu uliopita kabla ya kuutazama ujao. Jambo jema sana hilo, lakini linabaki ukumbini. Aliyepanda kwa kusikia neno lenu hasikii hesabu yake.

Hapa kwetu mfano upo, tena nyinyi wenyewe mlishiriki. Wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaosifika kwa kutabiri mvua tangu enzi za babu zetu, walikaa na wataalamu wenu na wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Wao walieleza ishara za miti, ndege na wadudu, nyinyi mkaleta hali ya bahari, mkatoa utabiri mmoja. Watu waliusikiliza. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba mzee wa Nganyi anaishi nasi. Akikosea tunakutana naye njiani, na atatueleza.

Mfikirieni pia mwalimu anayetunza kipimamvua shuleni. Saa tatu asubuhi anamimina maji kwenye gilasi ya kupimia, anainama mpaka jicho lilingane nayo, anasoma pale maji yalipobonyea katikati, si pembeni yanakopanda. Anaandika milimita zake daftarini. Setilaiti hukadiria mvua kutoka juu, na namba kama zake ndizo zinazoyasahihisha makadirio hayo. Je, kuna aliyewahi kumwambia? Mkija, mwanzieni huyo.

Na mkizungumza nasi, msikae sana kwenye jumla ya msimu. Mkulima hapandi kwa jumla. Mvua ya mwisho wa Februari ikitudanganya, tunapanda, mbegu inaota, kisha jua linawaka wiki mbili. Mbegu imekwenda, mbolea ya kupandia imekwenda, na pesa ya kurudia haipo. Tuelezeni lini mvua itaanza kweli na kama itakatika katikati. Utabiri wenu wa kila wiki unatufaa zaidi mwezi wa Machi kuliko ramani nzuri ya miezi mitatu. Wavuvi wa Ziwa Victoria nao wana dhoruba zao za usiku, ila wataweza kujisemea.

Najua idara ya nchi ndiyo yenye mamlaka ya kututangazia, kwa hiyo njooni pamoja nayo. Januari inafaa, vuli imekwisha na mashamba bado yanatayarishwa. Mwombeni chifu aitishe baraza, mchana, ili kina mama wawe wamemaliza kazi za asubuhi. Na ramani ya msimu uliopita itangulie, ile mpya ifuate.