Risala ya Wakulima wa Utupa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakulima Shambani, Mbinga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wetu wa wilaya, kata na kijiji,
Mwalimu Mkuu, walimu na wanafunzi,
Wazee wetu, akina mama na akina baba,
Wakulima wenzetu,

Awali ya yote tunakukaribisha kwa moyo mmoja katika milima hii ya Umatengo. Tunajua barabara ya kufika huku wakati wa mvua, na tunajua una kazi nyingi. Umekuja, nasi tunakushukuru.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ulipoketi, mkono wako wa kulia, kuna uzio wa vichaka vyenye maua meupe na ya zambarau, vimewazidi watu urefu. Huo ndio utupa, ambao wataalamu wanauita Tephrosia vogelii. Ni mmea wa jamii ya mikunde, ndugu wa maharage na mbaazi, na asili yake ni hapa hapa Afrika. Kila mzee aliyekaa chini ya turubai hili anaujua. Ukimuuliza anaujua kwa kazi gani, atakujibu: kuvulia samaki.

Tumeona tuanze na hilo kwa sababu ndilo linalotusumbua. Wazee wetu wanasimulia kwamba zamani majani yalitwangwa, yakatiwa kwenye vidimbwi vilivyobaki mtoni wakati wa kiangazi, na samaki wakapanda juu wakihema. Ilikuwa kazi ya kijiji kizima, kwa ruhusa ya wakubwa, na kidimbwi kikishavuliwa kiliachwa. Leo mtu mmoja anakwenda usiku na gunia la majani, anatia sumu kwenye maji yanayotiririka, anaokota samaki wakubwa wachache na kuacha vifaranga vimeelea. Mito yetu ya huku mingi inamwaga maji Ruhuhu, na Ruhuhu inaingia Ziwa Nyasa. Mbasa wa ziwa hilo hupanda Ruhuhu kwenda kutaga mayai. Anayetia utupa mtoni wakati mbasa wanapanda anaua samaki pamoja na uzao wake wote, na hasara inawafika wavuvi wa ziwani ambao hawajawahi hata kuliona jani lenyewe. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Sisi kama kikundi tunaunga mkono katazo hilo, na mwanachama atakayekutwa mtoni na utupa anajua hana nafasi kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kusema hayo tunaomba uelewe kwa nini bado tunaupanda, tena kwa wingi.

Nguvu inayoua samaki inatokana na kemikali zilizomo kwenye majani, na mojawapo ni rotenone. Kemikali hiyo huzuia chembe za mwili kutumia hewa ya oksijeni. Samaki huathirika haraka sana kwa sababu inamwingia moja kwa moja kupitia mashavu yake, na wadudu nao huathirika. Ikikaa juani kwenye majani ya mmea, huvunjika ndani ya siku chache. Kwa mkulima wa maharage hiyo ni faida, maana dawa inafanya kazi yake na kutoweka kabla ya mavuno.

Maharage yetu hupandwa mwezi wa pili na wa tatu, kwenye matuta ya ngoro. Wageni wanaofika kwa mara ya kwanza hushangaa kuona mlima mzima umechimbwa vishimo. Tunafyeka nyasi, tunazilaza kwa mistari inayokatana, tunachota udongo wa katikati na kuzifunika, na maji ya mvua yanabaki kwenye vishimo badala ya kuteremka na udongo wetu. Maharage yanatangulia, mahindi yanafuata mvua za mwisho wa mwaka zikianza. Ni kilimo cha babu zetu na kimetuwekea milima hii hai. Lakini vidukari hawajui ngoro wala tambarare. Wakishaanza kufyonza majani machanga, na mende wa majani wakiongezeka, mwenye fedha anakimbilia dukani na asiye na fedha anatazama.

Majani tunayavuna asubuhi, tunayakausha kivulini, maana jua linaondoa nguvu yake, kisha tunayatwanga. Kilo moja ya unga tunailoweka kwenye lita 10 za maji yenye sabuni kidogo, tunaiacha mpaka kesho yake, tunachuja kwa kitambaa na kutia kwenye bomba la mgongoni. Sabuni inasaidia kutoa dawa kwenye majani na kuifanya ishike. Tunanyunyiza jioni. Wakati huo jua limepungua na nyuki wamerudi mizingani, na hili la nyuki tunalishikilia sana kwa sababu miongoni mwetu wapo wafugaji wao. Yanayobaki kwenye bomba hayamwagwi karibu na kijito hata kidogo, na bomba halioshewi mtoni. Akina mama ndio walioweka kanuni hiyo, na ndio wanaoisimamia.

Hatuwezi kudai kwamba utupa unaua kila kitu. Mdudu aliyekwisha kuingia ndani ya shina la harage hafikiwi, na shamba lililochelewa kunyunyiziwa limechelewa. Kuhusu fuko, wengi wanapanda utupa pembeni mwa shamba kumfukuza. Baadhi yetu wanasema vichuguu vimepungua, wengine hawajaona tofauti. Kwa hiyo hilo hatulitangazi kwa jirani kana kwamba ni jambo lililothibitika.

Faida ambayo hatuna shaka nayo ni ya udongo. Ng'oa mche mchanga wa utupa utaona vinundu kwenye mizizi. Kikate kinundu kimoja kwa kucha, na ukikuta ndani kuna rangi ya waridi, ujue bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Watoto wa shule wamelifanya zoezi hilo hapa kwetu na hawajalisahau. Mkoa wetu wa Ruvuma si mgeni wa mambo haya, maana watawa Wabenediktini wa Peramiho waliwahimiza wakulima kupanda marejea, mmea mwingine wa jamii ya mikunde, kwa ajili ya kurutubisha ardhi, na wapo wazee hapa waliopanda. Jirani zetu wa Mkoa wa Mashariki nchini Zambia, upande wa Chipata, tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakipumzisha mashamba kwa utupa na sesbania, ambayo nayo ni ya jamii ya mikunde, kwa misimu miwili, kisha wanapanda mahindi. Shamba lililokuwa limechoka linazaa tena bila mkulima kununua mbolea nyingi.

Sisi tumefuata njia hiyo kwenye vipande vilivyochoka kabisa. Tunaloweka mbegu usiku kucha, tunapanda mvua zikianza, mbegu mbili kila shimo, hatua moja kwa hatua moja. Mwanzoni mche unakua taratibu na magugu yanaweza kuumeza, kwa hiyo palizi ya mwanzo ndiyo inayoamua. Baada ya hapo unajisimamia wenyewe. Na jambo linalowafurahisha wenye mashamba karibu na njia za mifugo ni kwamba ng'ombe na mbuzi hawaupendi. Kiangazi, mifugo inapoachiwa na kumaliza kila kijani, utupa unabaki umesimama. Msimu wa pili ukiisha tunaukata, mizizi tunaiacha ardhini, majani tunayachanganya na udongo, na fito zinakwenda jikoni kuwa kuni. Mama anayepata kuni shambani kwake haendi msituni. Wenye kahawa changa nao wanaupanda katikati ya mistari, uwape miche kivuli cha muda mpaka migomba na miti mikubwa ichukue nafasi.

Tahadhari moja tunaisema kwa mkazo kwa wenzetu wanaolima tumbaku upande wa Namtumbo na kwa wanaolima nyanya. Utupa unahifadhi minyoo fundo, yaani minyoo midogo inayovimbisha mizizi ya mimea. Ukiufuatisha na tumbaku au nyanya, utakuwa umewaandalia minyoo hao karamu. Ufuatishe na mahindi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ziko changamoto, na kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi nchini Malawi walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba utupa uko wa aina mbili kikemikali. Mmoja una zile kemikali zinazoua wadudu. Mwingine hauna, na ukinyunyiza maji yake ni sawa na kunyunyiza maji matupu. Maua, majani na maganda yake yanafanana, na huwezi kuutambua mpaka upimwe maabara. Baadhi ya wakulima kule walikuwa wanapanda na kuvuna mmea usio na dawa kabisa.

Tuliposikia habari hiyo kutoka kwa afisa ugani, tulielewa kwa nini kati yetu wapo wanaousifu utupa na wapo waliokata tamaa, ingawa wanatwanga na kupima vilevile. Mbegu zetu zimetoka kwa majirani, kwa ndugu, na nyingine kando ya njia. Inawezekana kabisa kwamba mama mmoja anapoteza nguvu zake msimu mzima kwa mche ambao tangu mwanzo haukuwa na kitu. Kwa udongo aina zote mbili zinafaa. Kwa dawa, kubahatisha hakufai.

Changamoto ya pili ni afya zetu. Imeenea fikra kwamba dawa ya mimea haina madhara kwa kuwa imeota shambani. Hatukubaliani nayo. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa rotenone kwenye viuatilifu vinavyoruhusiwa mashambani, na majaribio kwa wanyama yameihusisha na madhara kwenye ubongo. Anayetwanga majani makavu bila kufunika pua anavuta vumbi la sumu. Sisi tunatumia kanga na mifuko ya plastiki mikononi, na tunajua haitoshi. Vinu vya kutwangia utupa tumevitenga na havitwangiwi chakula. Wapo wanaochanganya unga wa utupa kwenye maharage ya akiba kuzuia fukusi. Kikundi kimekubaliana kwamba hilo lifanyike kwa maharage ya mbegu tu, ya chakula yasiguswe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukiwa mbele yako tunayo maombi.

Tunaomba ofisi yako itusaidie kuwafikia watafiti. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ugano kiko hapa hapa Mbinga, kituo cha Uyole cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kiko Mbeya, na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha imefanya utafiti juu ya dawa za mimea kwenye maharage, utupa ukiwemo. Tuko tayari kukusanya majani kutoka kila shamba la mwanachama, kila sampuli na alama yake. Tunachokosa ni mtu wa kuyapokea na kuyapima. Tukijua miche yenye dawa ni ipi, tutaitenga iwe shamba mama la mbegu, na mbegu hizo tutazigawa bure kwa kijiji chochote cha wilaya hii kitakachoahidi kutoupeleka mtoni.

Tunaomba barakoa na glavu za kufaa kwa wanaotwanga na kunyunyiza, na mafunzo ya afya kutoka zahanati yetu.

Tunaomba pia maafisa uvuvi wakutane nasi pamoja na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vya ziwani. Hatutaki utupa ung'olewe wilaya nzima kwa sababu ya watu wachache wanaouharibia jina, na hatutaki wavuvi watuone sisi wakulima kuwa adui zao. Tunapendekeza kila mwenye uzio wa utupa aandikwe kijijini, na wakati mbasa wanapanda mto pawepo na doria inayojumuisha wakulima. Vijana wa kikundi wamekwisha kujitolea.

Mwisho, Mwalimu Mkuu ametukubalia kipande cha ardhi nyuma ya madarasa. Tunakuomba, baada ya risala hii, uende nasi upande mbegu za kwanza hapo pamoja na wanafunzi. Zimelowekwa tangu jana.

Tunaomba kuwasilisha.