Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, na nyie vijana mliopanga viti tangu asubuhi: asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Katiba yetu inanitaka nitoe taarifa kabla mhazini hajasoma mahesabu. Ya fedha namwachia yeye. Mimi nitazungumzia kazi moja iliyotuchukulia sehemu kubwa ya mwaka, kwa kuwa ndiyo mnayoniuliza hapa Tanga mjini nikipita Makorora, nikipita Mabawa, hata nikiwa msibani: "Mwenyekiti, hiyo misaada ya wazee na kaya maskini inapatikana wapi?"

Chama hiki kilianza kama chama cha kuzikana. Mtu akifariki tunatoa sanda au jeneza, ubani, maturubai na masufuria. Hilo linaendelea na hakuna anayelipinga. Ila mkutano wa mwaka jana uliona haipendezi tuwe hodari wa kumzika mtu ambaye wiki moja kabla alikosa nauli ya kwenda hospitali ya Bombo. Ndipo mkaunda kamati ndogo ya ustawi na kuipa fungu la nauli, fotokopi na picha za pasipoti. Wapo waliotaka fungu lile ligawiwe unga na sukari kila mwezi. Nilikataa siku ile na leo ningekataa tena. Unga wa chama usingefika mbali, na ukishakwisha mzee anabaki vilevile, hana kadi, hana jina kwenye orodha yoyote ya serikali.

Niwakumbushe vijana wazee wa Tanga ni akina nani. Wengi waliletwa na mkonge. Walikuja kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Njombe, wengine Burundi na Msumbiji, wakakata mkonge nchi ilipokuwa kileleni. Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaua bei, mashamba yakadorora, watu wakabaki mjini bila shamba wala ukoo wa karibu. Waliokuwa na bahati walikatwa akiba ya NPF, mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, ulioanza mwaka huohuo wa 1964. Lakini NPF ilikuwa akiba: unaondoka kazini, unapewa chako kwa mkupuo, mmemalizana. Pensheni ya kila mwezi ilikuja NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii uliorithi NPF, ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, wengi wao wakiwa wameshaondoka. Kwa hiyo mtu akiwauliza kwa nini mzee aliyefanya kazi maisha yake yote hana hata senti ya uzeeni, jibu ni hilo. Si kwamba alizitapanya.

Wenzetu wa Unguja na Pemba wana Pensheni Jamii tangu Aprili 2016. Ukifika miaka 70 unalipwa, uwe uliajiriwa au hukuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000. Huku Bara bado hatuna kitu hicho. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanachama waliosikia habari za Zanzibar wakaenda kwa mtendaji kudai, wakarudi wamekasirika. Mtendaji hana la kuwapa. Kudai pensheni ya wazee wote ni haki yetu, na baraza la wazee la kata limeshatuambia linalipeleka juu, lakini tusimpigie kelele mtu wa chini asiye na fungu.

Sasa kuhusu TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, maana hapa ndipo penye maneno mengi. Mfuko huu ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa na zahanati. Ruzuku kwa kaya, yaani Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ilikuja mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kilichozinduliwa mwaka 2020 kilipangwa kumalizika mwaka 2025. Wengi wanadhani unaamka asubuhi, unakwenda ofisini, unajiandikisha. Sivyo. Kaya hutambuliwa kwa awamu: mtaa unaitwa mkutanoni, watu wenyewe wanataja kaya zilizo hoi, kisha wanakuja wenye dodoso nyumba kwa nyumba kuuliza paa ni la nini, mnakula milo mingapi, nani anasoma. Jina lako lisipotajwa kwenye ule mkutano, dodoso halitakufikia.

Nataka tuelewane hapa. Mzee anayeishi peke yake chumba cha uani haendi mikutanoni. Miguu inamuuma, au anaona aibu, au hakusikia tangazo. Anayekwenda ni mwenye nguvu na ulimi. Matokeo yake mnayajua. Mnalalamika kila siku kwamba fulani ana nyumba ya bati na anapokea, fulani analala chini na hapokei. Sehemu ya lawama hiyo ni ya mtaa mzima, sisi tukiwamo. Kuanzia sasa kila mjumbe wetu wa mtaa awe na daftari lenye majina ya wazee wasiotoka ndani, na mkutano wa utambuzi ukiitishwa, asimame ayasome. Tulifanya hivyo kwa upande wa matibabu mwaka huu na nitawaeleza ilivyokwenda.

Kabla ya hapo, neno kwa waliomo tayari kwenye mpango. Ruzuku ina masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, mkubwa ahudhurie shule. Mkiacha, malipo yanakatwa, na hapo hamwonewi. Zipo pia ajira za muda, za kuchimba mitaro na kupanda miti, zenye ujira. Mwenye nguvu kwenye kaya ajitokeze. Na kijana wa kaya ya TASAF akiomba mkopo wa elimu ya juu, asisahau kuonesha kwenye maombi kwamba kaya yake ni mnufaika, aambatishe na uthibitisho. Ile ni hoja yenye uzito mbele ya bodi ya mikopo, na wapo wanaoiacha kwa kuona haya.

Tuje kwenye matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Zingatieni hayo maneno "asiye na uwezo". Si kila mwenye mvi. Njia yake ni hii: barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho, picha, kisha afisa ustawi wa jamii anahakiki na halmashauri inatoa kitambulisho cha matibabu. Aliyezidiwa kabla hajapata kitambulisho aulizie ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini; wana mamlaka ya kupendekeza msamaha. Akina mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wana msamaha wao, hauhusiani na huu.

Kazi ya kamati ilikuwa kusindikiza. Kijana mmoja na mzee mmoja, baiskeli au bajaji, mpaka dirishani na kurudi. Jambo lililotusumbua kuliko yote lilikuwa tarehe za kuzaliwa. Kuna mzee mwenzetu, jina nalihifadhi, ambaye kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, kinasema alizaliwa mwaka 1968. Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, yeye alikuwa tayari mkataji mwenye mke. Mwandikishaji alikadiria, na kwa hesabu ya karatasi mzee huyu mwaka 2024 alikuwa na miaka 56, mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza. Dirishani wakamrudisha. Vijana wa kamati wakaenda kwake, wakamwomba atoe kila karatasi aliyonayo. Akashusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati. Ndani mna risiti za kodi ya kichwa zilizofungwa kwa uzi wa mkonge, cheti cha ndoa, na kadi ya NPF ambayo wino wa jina umefifia lakini mwaka unasomeka. Kadi ile ndiyo iliyobeba kesi. Msaidizi wa kisheria wa kata alimwandalia kiapo bila kumtoza, kama Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inavyowataka, na afisa ustawi akakubali kumhudumia wakati marekebisho ya NIDA yanaendelea. Yanakwenda polepole, ila yanakwenda.

Basi msichome karatasi za wazee. Nimeona watoto wakisafisha chumba, wanatupa "takataka za babu". Kadi ya kazi, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza, zote ni ushahidi.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Kituo kimoja cha afya, sitakitaja, kina dirisha la wazee lililoandikwa vizuri kwa rangi, na kila tulipopita lilikuwa limefungwa, wazee wako kwenye foleni moja na wote. Dawa nazo: msamaha unakuvusha kwa daktari, halafu duka la dawa la kituo linakuambia hakuna, kanunue nje. Nje hakuna msamaha. Bibi mmoja mwenye presha alirudi nyumbani na cheti cha dawa kilichokunjwa mkononi, na fungu letu ndilo lililomnunulia vidonge. Tumeandika barua kwa mganga mkuu kupitia baraza la wazee. Majibu hayajafika.

Kwa kaya zinazojiweza kidogo, nashauri CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Mwaka 2024 ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na kwa rufaa ulifika mpaka hospitali ya mkoa. Kinachowashinda watu ni kuitoa yote kwa siku moja. Ukiigawa kwa miezi 12 ni 2,500, chini ya nauli na vocha za mwezi. Kamati inapendekeza mhazini apokee kidogokidogo na kulipia kaya inapotimiza; mtalipigia kura baadaye. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, nayo inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Mpaka itakapoanza kufanya kazi mitaani kwetu, tusikae bila kadi yoyote kwa kuingoja.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023, ilirejea mwaka 2024. Mgao ni asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, bila riba. Wazee hawakutengewa fungu, lakini bibi wa miaka 65 ni mwanamke kama wengine, na kikundi cha akina mama kinachomwacha kwa kuwa ana mkongojo nakiona hakina busara. Mabibi kama huyo ndio wanaorejesha. Kumbukeni tu kwamba ni deni. Asiye na biashara inayozunguka asiingie kwa kufuata mkumbo.

Nisisahau matapeli. Wanapiga simu, wanataja jina lako kamili, wanasema umechaguliwa kupata ruzuku ya wazee, tuma 15,000 ya kufungua faili. Hakuna mpango wa serikali unaolipisha kuandikishwa. Hakuna. Ukipigiwa, kata simu, mwambie mjumbe wako. Na anayewaomba "chai" ili aandike barua ya utambulisho, nileteeni jina lake mimi mwenyewe.

Misikiti na makanisa nayashukuru. Zaka na sadaka zimelisha watu ambao hatukuwafikia, hasa mwezi wa Ramadhani. Sina la kuongeza hapo, wenyewe hawapendi kutajwa.

Mwisho ni uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Mitaa kadhaa ina wenyeviti wapya. Mwenyekiti mpya hamjui kila mzee, na barua ya utambulisho inaandikwa na anayekujua. Kwa hiyo naomba kila mtaa uchague leo watu wawili, mmoja awe mwanamke, wakajitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji kabla ya mwezi kwisha, wakiwa na lile daftari la majina. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu pale mlangoni. Fotokopi za vitambulisho zinapokelewa hapohapo, na mashine ya picha imelipiwa mpaka saa nane.

Namkaribisha mhazini asome mahesabu, kisha tutapiga kura kuhusu pendekezo la CHF.