Si kila kongamano ni la posho

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Mbale ameandika kwamba makongamano ya mafundi ni posho, fulana na picha na mgeni rasmi, basi. Nimemwelewa vizuri sana. Nami nimekaa katika kumbi hizo za hoteli, viti vimevalishwa vitambaa, mgeni rasmi tunamngoja tangu saa tatu hadi saa saba, halafu anakuja kutusomea hotuba ya ajira kwa vijana. Ukumbi umejaa maseremala na hakuna hata patasi moja ya kuonyeshana. Ila aliposema dawa ni kuyafuta, hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana njia.

Mimi ni mkereza mbao hapa Bombo, Uganda: mbao inazunguka kwenye mashine, nami naichonga kwa patasi. Kazi yangu ni miguu ya meza, nguzo za vitanda, nguzo za ngazi kwa wenye maghorofa, na mabakuli ya kuwauzia wageni. Mwaka 2023 mteja wangu mmoja, mzee wa Kimarekani ambaye naye hukereza, alichangisha nauli kwa wenzake, nikaenda kwenye kongamano la mwaka la chama chao, American Association of Woodturners, mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Habari za viza nisizianze, gazeti litajaa.

Louisville ndiko alikozaliwa Muhammad Ali, na uwanja wao wa ndege una jina lake, kwa hiyo mtu wa Bombo, kwa jinsi tunavyopenda ngumi, hajioni mgeni sana. Lakini mimi nilisimama mbele ya gongo la chuma la futi 120 lililoegemezwa kwenye jengo la kiwanda cha magongo ya besiboli. Kiwanda hicho kilianza kama karakana ya kukereza ya familia ya Hillerich. Walikuwa wakitengeneza nguzo za ngazi na vyombo vya kusukia siagi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1884 kijana wa mwenye karakana alimkerezea mchezaji mmoja gongo, na baba mtu hakuipenda biashara hiyo hata kidogo. Nguzo za ngazi ndizo alizoziamini. Nilicheka peke yangu pale barabarani, maana hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Sasa kongamano lenyewe. Kila anayehudhuria ana ruhusa ya kuleta kazi zake na kuziweka mezani, bingwa na aliyeanza juzi bega kwa bega, wala hakuna kamati ya kuchagua. Niliweka bakuli la mfenesi. Kwetu Luweero mifenesi imejaa, mti ukizeeka unaishia kwenye tanuri la matofali, hakuna anayeuhesabu kuwa mbao. Moyo wake ni wa manjano iliyoiva, na ukikaa kwenye mwanga unageuka kahawia polepole. Bibi mmoja akalichukua. Ndani hakutazama. Alilipindua kwanza akakagua kitako, kisha akafumba macho na kuupitisha ukuta wa bakuli kati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka mdomoni hadi chini, akitafuta mahali ambapo unene unabadilika. Alipomaliza ndipo akauliza ni mti gani. Nikaanza kueleza, watu wakasogea, na muda si muda nikawa nafundisha kwa Kiingereza changu cha Bombo.

Katika vyumba vya mafunzo mashine iko mbele, kamera iko juu yake, na picha inaonekana kwenye skrini kubwa, hivyo aliyekaa nyuma kabisa anaiona ncha ya patasi. Mwalimu mmoja, mtu mwenye jina katika kazi hii, patasi yake iling'ata mbao na bakuli likapasuka mbele ya ukumbi mzima. Hapa kwetu fundi mkuu angesema mbao ilikuwa mbovu. Yule alizima mashine, akaokota kipande, akakiweka chini ya kamera na kutuonyesha alama: hapa mgongo wa patasi uliachana na mbao, makali yakabaki bila egemeo, yakazama. Akafunga kipande kingine akaendelea. Mimi katika ujana wangu nilikaa na fundi aliyekuwa akinituma dukani kila alipotaka kunoa, nisije nikaona pembe anayonolea.

Na si adabu ya kufundisha tu. Chukua hesabu moja ambayo wakereza wa kule wanaijua kwa kichwa: kipenyo cha mbao kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya mashine kwa dakika, jibu likae kati ya 6000 na 9000. Bakuli la inchi 12, basi, lisizidi mizunguko 750. Mashine zetu nyingi tumechomelewa Katwe, kwa mafundi chuma wa Kampala, na ni imara, sina ugomvi nazo. Lakini ukikuta mota ya mizunguko 1440 imeunganishwa moja kwa moja na fundi anafunga gogo lile lile la inchi 12, hesabu inakwenda 17,280. Hapo uso hauna kinga, mkononi ana patasi iliyochongwa kutokana na tupa kuukuu, na chuma cha tupa huvunjika kama kioo. Puli za ngazi, zile zenye vipenyo tofauti vya kupunguza mwendo, hazimshindi fundi yeyote wa Katwe. Kinachokosekana ni mahali pa kumwambia kwamba tunazihitaji.

Ndugu yangu wa Mbale atasema Wamarekani wana pesa. Sawa, lakini chama chao hakikuanzia kwenye jumba. Mwaka 1985 wakereza walikutana katika shule ya sanaa za mikono ya Arrowmont, huko Gatlinburg, Tennessee. Mazungumzo ya pale ndiyo yaliyozaa chama mwaka 1986, na mwaka 1987 wakafanya kongamano lao la kwanza Lexington, Kentucky. Rais wao wa kwanza, David Ellsworth, alijipatia sifa kwa kukereza vyombo vyenye tumbo kubwa na mdomo mdogo, akivichimba ndani kwa patasi zilizopinda. Niliposikia hivyo niliwaza ebyanzi, vile vyombo vya maziwa vya Ankole ambavyo mafundi wetu wanavichimba kwa mkono, bila mashine. Fundi wa ebyanzi na mkereza wa Bombo hawajawahi kuitwa kwenye meza moja.

Kwa hiyo naomba kongamano la kitaifa la wakereza, ila lisiwe la hotelini. Lifanyike kwenye chuo cha ufundi wakati wa likizo, Nakawa au Kyambogo, mahali penye karakana na umeme wa kutosha. Waitwe wachonga ngoma wa Mpambire, mafundi wa ebyanzi, wachomeleaji wa Katwe, na wasichana wanaosoma useremala ambao hakuna anayewapa nafasi kwenye mashine. Kiingilio kiwe kazi moja ya mkono wako. Mgeni rasmi akitaka kuja aje, avae kinga ya uso, akae kwenye benchi na wengine.

Posho isiwepo kabisa. Wakija watu kumi na wawili tu, wanatosha kuanza. Mwenye karakana au chuo cha kutupokea aandike kupitia ukurasa huu. Mifenesi ya kukereza nitaleta mimi, na usafiri wake ni juu yangu.

Mkereza mbao,
Bombo, Luweero